Degedege: sindano haiui, kuchelewa ndiko kunakoua

Degedege ni nini?
Mtoto anakakamaa, anatetemeka, macho yanageuka juu, mara nyingi akiwa na homa kali. Huku kwetu Pwani ninaowapokea wodini wengi wana malaria iliyopanda kichwani.

Bibi yake anasema amepitiwa na ndege wa usiku, akichomwa sindano atakufa. Ni kweli?
Hapana. Sindano haimuui mtoto wa degedege. Najua maneno haya yalikotoka. Mtoto anaanzia kwa mganga, anafukizwa mavi ya tembo, anaogeshwa dawa za miti, siku mbili zinakatika. Analetwa kwetu hajitambui. Anachomwa sindano, saa moja baadaye anafariki. Kijijini inakumbukwa sindano. Zile siku mbili hakuna anayezihesabu.

Basi tuanze kwa mganga, ikishindikana ndipo tuje?
Nimesema hapana! Anzieni zahanati, usiku huohuo. Hata kama degedege limeachia na mtoto amelala, njooni. Usingizi usioamshika ndio unaonitisha zaidi. Sindano ya atesuneti, dawa ya malaria kali, anachomwa akifika, anarudiwa baada ya saa 12, kisha saa 24 tangu ile ya kwanza. Mtoto wa chini ya miaka 6 aliye mbali na hospitali anaweza kuwekewa atesuneti kwa njia ya haja kubwa, halafu apewe rufaa. Sukari ikiwa imeshuka mwilini tunairudisha. Yote haya yanataka mtoto aliyewahi.

Njiani nimfanyeje?
Mlaze ubavu. Usimtie kijiko mdomoni. Usimnyweshe chochote, iwe dawa ya miti au maji matupu, maana kitaingia mapafuni.

Naogopa manesi watanisema wakiona hirizi.
Hapa nawageukia wenzangu. Kuna mama alifika usiku, mkono wa mtoto kaufunika kwa ncha ya khanga. Nesi akaifunua, akaona hirizi. "Mmeshindwana na waganga wenu, sasa mnatuletea sisi maiti?" Mama akanywea. Tulipomuuliza mtoto amekunywa nini, akajibu, "Hajanywa kitu." Tulipomfyonza makohozi, yakatoka majani yaliyotwangwa. Yule mama hakutudanganya kwa ubaya. Sisi ndio tuliomfunga mdomo.

Hirizi haizuii dawa. Ikiwa imekaa panapotakiwa kanula, kile kibomba cha kupitishia dawa mshipani, omba ihamishiwe mkono wa pili. Mkasi uache kwenye trei. Uliza, "Mama, nyumbani amepewa dawa gani?" kwa sauti ileile unayoulizia umri. Na bibi msimfukuze wodini. Mara nyingi yeye ndiye mwenye uamuzi, kwa hiyo mpeni kiti, mwelezeni dripu ni ya nini, amwone mjukuu akifumbua macho. Akirudi kijijini atasikilizwa kuliko bango letu la ukutani.

Na dua je?
Isomwe kitandani hapohapo, dripu ikiendelea. Mambo mengine ya kimila yangojee mtoto aruhusiwe.

Mganga atakubali?
Wapo wanaokubali, wakiendewa kwa heshima. Mzee mmoja wa upande wetu tulimfuata, tukakaa mkekani kwake, tukazungumza bila kumkejeli. Siku hizi akiletewa mtoto anayechemka hamshiki. Majuzi alikuja mwenyewe na bodaboda, saa nane usiku, mtoto yuko katikati kwa mama yake, na mzee nyuma kashika tochi.