Janga likija, chakula cha msaada kinamfikiaje mtoto?

Ugonjwa wa mlipuko unaletaje njaa wakati soko la nafaka la Kibaigwa, mkoani Dodoma, lina mahindi?

Njaa hiyo huanzia mfukoni. UVIKO-19 haikuunguza uwele shambani, ilipunguza wateja. Mama lishe wa stendi akikosa abiria, jioni harudi na unga. Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilionya kuwa wenye njaa kali duniani wangeweza kufikia milioni 265 kabla ya mwaka kwisha, kutoka milioni 135. Shule nazo zilikuwa zimefungwa, na kwa mtoto anayetegemea uji wa shule hilo ni pigo peke yake.

Mashirika ya misaada yalibadilisha nini?

Foleni kwanza. Sehemu nyingi mgao wa miezi miwili ulitolewa kwa mkupuo ili watu wasisongamane. Penye soko, baadhi walitumiwa fedha kwa simu. Kwa Dodoma mjini mimi ningechagua fedha kuliko lori la magunia, maana chakula kipo, hela ndiyo haipo. Kijijini Bahi mwezi Februari, akiba imekwisha na mavuno bado, hesabu ni nyingine.

Na kumpima mtoto bila kwenda kliniki?

Katika nchi kadhaa mama alipewa utepe wa rangi wa kupima mzunguko wa mkono, dalili ya utapiamlo, ampime mwenyewe. Ni kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Mkono wa kushoto uning'inie, umelegea. Tafuta katikati ya bega na kiwiko, zungusha utepe bila kukaza. Sentimita 12.5 kwenda juu ni kijani, 11.5 hadi chini kidogo ya 12.5 ni njano, apelekwe akachunguzwe. Chini ya 11.5 ni nyekundu: kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kisha bonyeza juu ya miguu yote miwili kwa dole gumba, sekunde tatu. Vishimo vikibaki, huo ni uvimbe wa utapiamlo mkali: rangi ya utepe haina kazi tena, nenda kituoni.

Chakula dawa, yaani lishe ya pakiti ya kutibu utapiamlo mkali, naweza kuwagawia ndugu zake?

Hapana. Pakiti ya gramu 92 ina kilokalori 500 hivi, na idadi ya pakiti hupangwa kwa uzito wa mgonjwa. Kumnyima mwingine anayelia pembeni ni kazi ngumu, najua. Hao wapikie uji wa uwele wenye karanga zilizosagwa.

Mama mwenye UVIKO-19 anyonyeshe?

Anyonyeshe, akivaa barakoa na kunawa mikono kwa sabuni. Maziwa ya kopo ya msaada yasigawiwe kiholela: yakikorogwa kwa maji yasiyo salama, mtoto anaharisha.