Kufundisha sayansi kwa Kiingereza sio kufundisha Kiingereza

Juzi kwenye daladala ya Mbagala nimemsikia ticha mmoja anamwambia mwenzie eti mtoto akishafika fomu wani masomo karibu yote si yanakuwa Kiingereza, basi lugha itakuja yenyewe tu. Jamani, hapana.

Kanada walianza 1965 pale St. Lambert, Quebec, watoto wa nyumba za Kiingereza wakasomeshwa kwa Kifaransa, na kweli wakawa wanaelewa vizuri sana, ila kwenye kuongea na kuandika makosa ya sarufi yakagoma kuisha, mtafiti Merrill Swain akaja kusema kusikia na kusoma tu haitoshi, mtoto lazima aitoe lugha mwenyewe, yaani aongee na aandike. Na hao walimu wao Kifaransa walikuwa wanakijua, sisi je?

Ndo maana ticha inabidi afunzwe kupanga malengo mawili kwenye kipindi kimoja. Chukua uvukizi: lengo la sayansi ni maji kugeuka mvuke, lengo la lugha ni mtoto aweze kusema kwa Kiingereza "maji yakipata joto, basi...", kwa hiyo unamwandikia ubaoni mwanzo wa sentensi, wanajadiliana wawili wawili, hata kwa Kiswahili kwanza (sio dhambi hiyo, fimbo weka chini), halafu ndo wanaandika. Na ticha wa Kiingereza wala hahitaji digrii ya fizikia, akae tu na mwenzie wa sayansi stafu rumu wachague sentensi za wiki hiyo.