Jackpoti kubwa haimaanishi mchezo unalipa

Watu husema jackpoti ikinona basi bahati nasibu hiyo ndo inalipa. Jamani, mara nyingi imenona kwa sababu ni ngumu kushinda. Bahati nasibu ya Powerball ya Marekani, ambapo unabashiri namba za mipira mitano myeupe na mmoja mwekundu, Oktoba 2015 waliongeza mipira myeupe toka 59 hadi 69 wakapunguza myekundu toka 35 hadi 26, nafasi ya kubeba jackpoti ikashuka toka 1 kwa milioni 175 hadi 1 kwa milioni 292, hela ikawa inalala bila mshindi droo baada ya droo mpaka inavimba. (Vizawadi vidogo vilirahisishwa kidogo, tuseme ukweli.)

Ukiikata jackpoti ukaigawa zawadi za kati, washindi wataongezeka kweli, ila kama kwenye kila shilingi 100 ya tiketi zinarudi 50 tu kwa wachezaji, huko kugawa upya hakuongezi hata senti.