Je, wajua kwa nini mahali pa picha maarufu hapafanani na picha yenyewe?

Mashabiki wa skeitibodi, ule ubao wa magurudumu manne, wana tabia ya kufunga safari kwenda kuona sehemu zilizopigwa picha maarufu za mchezo wao. Wengi hufika wakashangaa. Vidato vinne vya shule ya Wallenberg, San Francisco, kwenye karatasi ni vinne tu. Ukisimama juu yake magoti yanalegea. Kwingineko mambo ni kinyume: ukuta uliotisha pichani unakufika kiunoni.

Chanzo ni pale aliposimama mpigapicha. Wapigapicha wa mchezo huu hupenda lenzi ya jicho la samaki, ambayo huona karibu nyuzi 180 toka pembe hadi pembe ya picha. Hulala chini kabisa, karibu na kidato cha mwisho. Kilicho karibu huvimba, kilicho mbali husinyaa, na mchezaji huonekana anaruka juu ya mapaa. Mwingine akienda mbali na kuvuta kwa lenzi ndefu, vidato hubanana kama karata na ngazi hiyohiyo hufupika. Kumbuka lakini kwamba kuvuta kwenyewe hakubadilishi mpangilio wa vitu, kunakata kingo tu. Kinachoubadilisha ni miguu yako.

Jaribu Bagamoyo, mbele ya Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1897. Lipige kwa simu ukiwa karibu sana, kisha rudi nyuma uvute mpaka lionekane na ukubwa uleule. Boma halitakuwa limekua wala kupungua, ila mnazi ulio nyuma yake utakuwa umenenepa ghafla.

Siri hiyohiyo ndiyo inayokuwezesha kupata alama ya miguu ya mpigapicha wa zamani. Chukua picha kongwe ya mtaa wa Mji Mkongwe. Tafuta pembe ya ukuta wa karibu inayokata dirisha la mbali, halafu sogea kulia na kushoto mpaka ikate palepale. Umepata mstari mmoja. Tafuta jozi nyingine upande wa pili. Mistari miwili inapokutana, ndipo aliposimama. Usitegemee miti, inakua na kufa. Hata milango ya nakshi huhamishwa. Pembe za kuta za mawe ya matumbawe ndizo mashahidi wa kuaminika. Mmarekani Mark Klett na wenzake walitumia mbinu ya namna hii kati ya 1977 na 1979, walipozirudia picha za karne ya 19 za magharibi ya Marekani.

Ufukweni ni rahisi zaidi kujua kimo cha kamera. Angalia upeo wa bahari unawakata wapi watu waliosimama kwenye mchanga tambarare ule aliokuwapo mpigapicha. Ukiwakata machoni, alisimama wima. Ukiwakata magotini, kamera ilikuwa chini kwenye kimo cha magoti, karibu kama ya wale wa skeitibodi.

Kuna sehemu zisizorudika hata kwa hesabu. LOVE Park ya Philadelphia, iliyopendwa mno na wachezaji, ilibomolewa mwaka 2016 na kufunguliwa kwa sura mpya 2018. Edmund Bacon, mpangamiji aliyeibuni, alikuwa amekwishapanda ubao humo mwaka 2002, akiwa na miaka 92, kupinga marufuku ya mchezo huo! Baadhi ya mawe ya sakafu yake yalisafirishwa hadi Malmö, Sweden, na wachezaji wa huko wanayatelezea.

Kwa Bagamoyo, malizia kwa kivuli. Mji uko kama nyuzi 6.4 kusini mwa ikweta, hivyo jua hupita utosini mapema Machi na tena mapema Oktoba. Mwezi Juni, saa sita mchana, vivuli huelekea kusini. Desemba huelekea kaskazini. Kwa hiyo picha ya adhuhuri yenye kivuli cha kusini usihangaike kuirudia wakati wa Krismasi.