Weusi na weupe tu, ndio nini?

Jamani, nimechoka. Kila ninayempa Persepolis, kitabu cha katuni cha Marjane Satrapi, asome anafungua kurasa mbili tatu ananirudishia, "ah, huyu mama hajui kuchora, hata mimi ningeweza." Mimi kazi yangu ni kuchora katuni na kutia wino, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba wanaosema hivo wengi ni wachoraji wenzangu.

Kwa kifupi: juzuu nne za Marjane Satrapi, zilitoka Ufaransa kati ya 2000 na 2003, utoto wake Iran, mapinduzi ya 1979, vita na Iraki, anapelekwa Austria, anarudi, anaondoka tena. Wino mweusi na karatasi nyeupe basi, hamna kijivu. Na mimi niliianza kwa mashaka, natafuta anatomia siioni, mikono haina mifupa, nikasema haya, hadithi yenyewe itanibeba.

Kilichonigeuza ni ukurasa mmoja kwenye sura ya ufunguo. Wavulana wa familia maskini wamepewa funguo za plastiki zilizopakwa dhahabu, wameambiwa wakifa vitani ndio za kufungulia pepo. Fremu ya juu mabomu ya ardhini yanawarusha hewani, wote vivuli vyeusi, funguo shingoni. Chini yake hapohapo Marji, yaani Satrapi mwenyewe utotoni, yuko kwenye pati yake ya kwanza, sweta lenye matobo kafumiwa na mama yake, watoto wanaruka wanacheza. Sasa angalia mikono na miguu, miili ya juu na ya chini imejirusha karibu sawasawa! Ungeweka misuli, vumbi, damu, sura ya kila mtoto, nani angeuona huo mfanano? Jicho lingekwama kwenye damu. Unaonekana kwa sababu kila kitu kingine kimefutwa, na kufuta ndio kazi yenyewe, maana mstari wa kuongeza haukosekani, mchoraji yeyote akiingiwa na wasiwasi anaongeza vivuli mpaka ukurasa unakuwa kichaka.

Afu kuna fremu nyeusi tupu, kombora limepiga nyumba ya majirani, mtoto kaona bangili ya rafiki yake kwenye kifusi, anafunika uso, inayofuata ni wino mtupu. Hapo sijasikia mtu akisema hata yeye angeweza.

Na kuchora alisomea, Tehran hukohuko, anatuonyesha mpaka darasa ambalo modo, yule wa kuchorwa, kafunikwa chador gubigubi, wakizunguka upande wowote hawaoni kiungo hata kimoja, angalau wakajifunza kuchora mikunjo ya nguo, hahaha.

Ila nisiwadanganye. Mtindo unaishia wapi na uwezo unaanzia wapi, kwa kuangalia ukurasa tu huwezi kujua, mimi hata kwenye kurasa zangu mwenyewe sina uhakika. Na juzuu mbili za mwisho, Vienna na kurudi nyumbani, watu wanaingia wanatoka, kwa mistari michache vile nawachanganya, narudi nyuma kutafuta huyu nani tena. Hiyo ni kasoro, siitetei. Wala siwatetei vijana wanaoniletea kurasa ambazo baba na jirani wana sura moja, nikiuliza wanasema "ni stailo."