Sandwich haikuitwa jina la mkate

Juzi nimelisikia tena. Mwanafunzi wa darasa langu la Kiingereza la jioni, mtu mzima na mwelewa, kauona mji wa Sandwich kwenye ramani, kule Kent, Uingereza. "Mwalimu, hawa wameuita mji jina la mkate, ule wa kutiwa nyama katikati!" Kila muhula lazima atokee mmoja wa kusema hivyo, na wenzake huitikia kwa vichwa.

Mji ndio mzazi, mkate ndio mtoto. Katika Kiingereza cha kale, sand ni mchanga, na wic, lenye asili ya Kilatini vicus, ni mahali pa biashara. Soko la mchangani, basi. Daftari la mali la Domesday, la mwaka 1086, linauonyesha mji huu ukitoa samaki 40,000 aina ya heringi kwa mwaka, chakula cha watawa wa Canterbury. Ilikuwa bandari hasa, kabla mchanga na matope havijaiziba na kuiacha mbali na bahari.

Mwaka 1660 Edward Montagu, aliyeongoza meli zilizomrudisha Mfalme Charles II kutoka Uholanzi, akapewa cheo cha Earl, tuseme mwinyi, wa Sandwich. Cheo kikarithiwa hadi kwa John Montagu, Earl wa nne, na mkate ukaitwa kwa cheo chake. Ndipo Novemba 1762 mwanahistoria Mwingereza Edward Gibbon akaandika katika shajara yake kuhusu mabwana wa London waliokuwa wakila "Sandwich". Kutoka Domesday hadi hapo ni miaka 676! Bibi zetu walivaa merikani, kitambaa kilicholetwa Unguja kutoka Marekani. Nani atasema nchi ndiyo iliyochukua jina la kitambaa?

Eti John Montagu ndiye aliyebuni kula nyama ndani ya mkate? Watu walikula hivyo kabla yake; yeye katoa jina tu. Kisa cha kwamba hakutaka kuinuka kwenye meza ya kamari kilienezwa na kitabu cha msafiri Mfaransa, Grosley, mwaka 1770. Mimi darasani sikifundishi kama historia.

Visiwa navyo huchanganywa. Nahodha Mwingereza James Cook aliviita Hawaii Visiwa vya Sandwich mwaka 1778, kwa heshima ya bwana huyohuyo, aliyekuwa mkuu wa jeshi la majini. Vile vya Sandwich ya Kusini, alivyovipa jina mwaka 1775, viko upande wa Antaktika, vimejaa barafu, na jina lao wanalo hadi leo.

Na hapana mchawi humo, ingawa witch, mchawi kwa Kiingereza, hufanana na wich kwa sauti. Hiyo wich ndiyo ileile ya Ipswich, ya Norwich, na ya Greenwich tunayoitangulia kwa saa tatu. Majina haya yasomeni kwa sikio, msiyasome kwa macho: Greenwich ni Grenichi, Norwich ni Norichi, w haisikiki. Kwenye Sandwich, itamkeni.