Kuristati si kuriseti

Jumamosi iliyopita kaja mama mmoja wa Makorora, hapa Tanga, muuza kanga, simu kaifunga kwenye kitambaa kama amebeba yai. "Fundi, iliganda, mpwa wangu akairiseti, sasa inadai Gmail." Nikaweka chini bisibisi. Huyo ni wa tatu mwezi huu.

"Humo ndani ulikuwa na nini, mama?"

"Picha za harusi ya binti yangu. Na madeni."

Anakopesha kanga, na wote anaowadai aliwaorodhesha kwenye simu: jina, doti ngapi, kabakiza kiasi gani. Nadhani kuna watu Ngamiani walilala usingizi mnono usiku ule.

Ugomvi wangu ni na neno. Kuristati ni kuzima na kuwasha. Kuriseti, kwa maana ya ile menyu mpwa aliyoingia, ni kuifuta simu irudi kama ilivyotoka kiwandani. Mji huu yote mawili yanaitwa "riseti", na tunaumia pande mbili. Wapo kama huyu mpwa, aliyefuta pale alipotakiwa kuzima tu. Na wapo wanaoogopa hata kubonyeza batani wakidhani picha zitaondoka, wanakaa na simu iliyoganda siku mbili wakingoja chaji iishe yenyewe. Mzee mmoja wa Chumbageni aliiacha yake inawaka usiku kucha juu ya kabati, "ipumzike".

Ndani ya simu kuna chipu inayogawa umeme wa betri, na batani ya kuwashia inazungumza nayo. Mfumo ukiganda hausikii kidole chako kwenye kioo, ugonge mpaka kucha ikatike. Lakini ile chipu haimuulizi mtu. Ukishikilia batani muda wa kutosha, inakata umeme na kuurudisha. Picha, namba na meseji ziko kwenye hifadhi ambayo haihitaji umeme ili kukumbuka. Simu hulala imezimwa miezi na ukiiwasha vyote vipo. Unachopoteza ni kile kilichokuwa hakijahifadhiwa. Kama ulikuwa katikati ya kuandika meseji ya kuomba msamaha, utaiandika tena.

Samsung: batani ya kuwashia na ya kupunguza sauti, pamoja, zaidi ya sekunde 7. Tecno, Infinix na ndugu zao: nyingi hukubali batani ya kuwashia peke yake, sekunde 10 mpaka 20, ikikataa, ongeza ya kupunguza sauti. iPhone kuanzia ya 8: bonyeza ya kuongeza sauti uachie, bonyeza ya kupunguza uachie, kisha shikilia ya ubavuni mpaka uone tofaa. Ni moja moja, haraka haraka. Ukizikumbatia zote kwa mpigo, simu inaweza kuanza kupiga namba ya dharura, na mimi sitakuwepo kukueleza utawaambia nini.

Na sekunde ziwe sekunde. Watu tunahesabu kumi kama tunakimbizwa na mbwa. Unashika mara tatu, unaachia, unasema fundi muongo. Tazama saa ya ukutani.

Kabla ya hayo yote, hakikisha imeganda kweli. Ipigie kwa simu nyingine. Ikiita na kutetemeka huku kioo cheusi, simu nzima, kioo ndicho kimekufa, na hapo kuristati wala kufuta hakusaidii kitu. Kama kioo kinaonyesha ila hakisikii, tazama saa iliyo juu pembeni. Dakika ikigeuka, mfumo uko hai, tatizo ni tachi. Chomoa chaja kwanza. Chaja za bei ya karanga zinavuruga tachi mpaka simu inajibonyeza yenyewe kama ina pepo. Futa jasho, bandua protekta iliyoingia maji. Vua na kava pia, nimeshaletewa simu "mbovu" ambayo kava ilikuwa inakandamiza batani ya kuwashia.

Friji hapana, utaitoa ikiwa na unyevu ndani, na unyevu wa pwani unatutosha. Na mchele wa kuifukia simu, pikeni.

Sasa hiyo menyu. Ukishika ya kuwashia na ya kuongeza sauti, Android nyingi zitakupeleka kwenye skrini nyeusi yenye maandishi ya Kiingereza. Hapo ndipo wapwa wa watu wanapofanyia uharibifu. Mstari wa "reboot system now", ambao kwa kawaida uko juu kabisa, ndio wako. Shuka na panda kwa batani za sauti, chagua kwa ya kuwashia, toka. Mstari wa "wipe data" usiuguse. Simu za sasa huhifadhi vitu vikiwa vimefungwa kwa ufunguo wa siri, na ukifuta, ufunguo unatupwa. Hakuna fundi, awe wa hapa au wa Kariakoo, wa kukurudishia picha hizo kutoka kwenye simu. Halafu tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa kwa njia hiyo huidai akaunti ya Google iliyokuwemo, isije ikawa ya wizi. Na nusu ya wateja wangu Gmail zao zilifunguliwa na kijana wa dukani siku ya kununua simu, neno la siri analijua yeye na Mungu.

Ikishawaka, angalia nafasi. Simu ya GB 32 iliyojaa video za kamati tatu za harusi itaganda tena kesho. Futa video, siyo simu. Kama ina memori kadi, itoe uone siku mbili bila hiyo. Kadi inayokufa huigandisha simu nzima.

Nikiri mambo mawili. Simu nyingi zinazopona mkononi mwangu kwa kuristati, sijui ziligandishwa na nini. Namwambia mteja "programu ziligongana" kwa sababu anataka kusikia sababu, na sentensi hiyo haijawahi kunisuta. La pili ni zito zaidi: miaka ya mwanzo nilikuwa naflashi kila kilicholetwa, yaani naipakia simu mfumo upya na vilivyomo vinafutika, bila kuuliza habari za picha. Kuflashi kunalipwa. Nani atakulipa kwa kushika batani sekunde ishirini mbele ya macho yake? Kwa hiyo imani hii ninayoilalamikia, kwamba simu ikiganda dawa ni kuifuta, mafundi tuliipanda wenyewe.

Na kuna wakati hata mimi nasita kuristati: simu ikiwa katikati ya kusasisha mfumo. Naiweka kwenye chaji, nangoja nusu saa, pengine saa nzima, halafu nashika batani kwa bismillahi. Ikikwama kwenye logo baada ya kuristati mara kadhaa, basi, ilete, tutaongea habari ya kuflashi. Tanga husemwa waja leo waondoka leo. Simu iliyokwama kwenye logo haijui msemo huo.

Yule mama, kijana wa dukani tulimpata, akalikumbuka neno la siri jaribio la pili. Namba za watu zilirudi zenyewe kutoka Google. Picha za harusi shemeji zake wanamtumia moja moja. Madeni hayakurudi. Wawili wamekuja wenyewe kulipa. Wengine kila asubuhi wanapitia barazani kwake kumpa pole ya simu.